Nguzo ya Tatu: Avuke Yeye Kwanza

Mlimwacha Mama Zege amechuchumaa chini ya daraja jipya, kidole gumba juu ya msumari wa inchi sita. Alikuwa ameusukuma kwenye nguzo ya tatu kwa kidole gumba tu, bila nyundo, nao ukazama wote kama umechomekwa kwenye kipande cha sabuni. Kabla hajauchomoa, kivuli cha mtu kikamfunika mgongo.

"Umepata ulichokuwa unatafuta?"

Mama Zege aligeuka kwa kishindo hadi tope likamrukia usoni. Aliyesimama pale alikuwa Timazi, msimamizi wa ujenzi. Mafundi walimbandika jina la kile kibonge cha chuma kinachoning'inizwa kwenye uzi kupimia kama ukuta umenyooka, maana zamani alikuwa hana mchezo na kazi.

Asubuhi hiyo hakuwa amenyooka hata kidogo. Begi lilikuwa begani, macho mekundu, na juu ukingoni pikipiki ilikuwa ikinguruma inamsubiri.

"Nimepata," Mama Zege akasema. "Na wewe ulijua."

"Nilijua kabla yako."

"Nguzo hii tuliimwaga siku ile uliyotuambia tuchanganye mfuko mmoja wa saruji badala ya mitatu."

"Na wewe ukachanganya."

Neno hilo lilimwingia Mama Zege kuliko ule msumari ulivyoingia kwenye nguzo. Kweli alichanganya. Aliliona lori lililoleta saruji asubuhi likiondoka mchana bado limelemewa na mzigo ule ule. Akajiambia wakubwa wana mipango yao. Kazi ya zege haimwangukii mwanamke kila siku, na yeye alikuwa ameipigania hadi akapewa genge lake la vibarua na jina lake. Akainama, akapiga beleshi, akanyamaza.

"Leo saa nane, kwenye uzinduzi, watavuka watu mia mbili," alisema. "Itawabeba?"

Timazi aliutazama mto. Mvua za juu milimani zilikuwa zimeanza na maji yamegeuka rangi ya udongo.

"Mmoja mmoja, labda. Watu mia mbili, bendi inapiga, watu wanarukaruka..."

"Mwambie Mheshimiwa!"

Timazi akacheka bila kuonyesha meno. "Mhandisi alimwambia, tena kwa barua. Wiki hiyo hiyo akahamishwa. Mimi nikaletewa karatasi ya kuthibitisha kuwa daraja ni salama, nisaini pale alipokataa yeye."

"Ukasaini."

"Nikasaini." Akaanza kupanda ukingo. Kisha akageuza kichwa. "Usiniulize mimi kama litabeba, mama. Uliza Mheshimiwa leo atapita wapi."

Pikipiki ikapiga kelele, ikaondoka naye. Hakuonekana tena mjini.

* * *

Mama Zege alipanda kwenda mjini mbio mbio, viatu vya mpira vikimpwaya. Uchaguzi ulikuwa umebakiza wiki mbili. Kila ukuta, kila mlango wa duka, uso wa Mheshimiwa ulikuwa ukimtazama na kutabasamu, akiomba kura kwa mara ya tatu.

Alifikia kibarazani kwa mshona viatu, pale wanapokutana watu wazima kuisema serikali mpaka jua linazama.

"Jamani, msivuke leo! Daraja litaanguka!"

Watu watano walimtazama. Hakuna aliyesimama. Mshona viatu alikuwa ameuma uzi kwa meno, akautoa taratibu.

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa! Nimelijenga mimi mwenyewe. Nguzo ya tatu ni mchanga mtupu."

"Wapinzani wake wamekuahidi nini?"

"Hakuna aliyeniahidi kitu!"

"Mama, sikiliza." Mshona viatu aliweka kiatu chini. "Uchaguzi uliopita alikuja mmoja hapa analia kabisa, machozi haya, anasema maji ya bomba yametiwa sumu. Tukaacha kunywa siku tatu. Kumbe anatafuta kura. Aliyetangulia alisema soko linahamishwa, watu wakauza vibanda vyao kwa bei ya kutupa, soko likabaki. Sisi tumeshaumwa na nyoka. Hata kamba ikitikisika tunaruka."

"Basi rukeni na leo! Msivuke!"

"Tutavuka." Akacheka, na wenzake wakacheka naye. "Miaka yote hii wametukanyaga. Leo walau tukanyage kitu chao."

Mzee mmoja aliyekaa pembeni hakucheka. Alitema mate mavumbini. "Anayesema linasimama ni mwongo. Anayesema linaanguka ni mwongo. Wote ni wale wale."

Mama Zege alikwenda kituoni. Askari wa zamu alimsikiliza huku akifuta viatu vyake kwa gazeti, akamwambia malalamiko ya ujenzi yanapokelewa Jumatatu.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

* * *

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake amesimama mbele ya kioo.

Msomaji anayetufuata tangu mwanzo anamjua bibi huyu. Mji mzima ulimwita Bi Hapana. Miaka kumi na mitano, kila wapiga kampeni walipobisha hodi, alifungua mlango kiasi cha kupitisha neno moja, "hapana," akafunga. Hakupiga kura. Hakupokea fulana. Watu watatu walikuwa wameahidi daraja, wakaweka mawe matatu ya msingi, na juu ya mawe hayo watoto wa jirani walikuwa wakianika nguo. Mtoni pale pale, msimu wa mvua, maji yalimchukua mwanawe wa kwanza. Mwanawe huyo ndiye aliyekuwa mume wa Mama Zege.

Leo Bi Hapana alikuwa amevaa gauni jipya na kitambaa kichwani. Yeye ndiye aliyeteuliwa kuwa wa kwanza kuvuka.

"Nimefunga vizuri?" aliuliza, akigusa kitambaa.

"Mama, usiende."

"Nimesema hapana mpaka ulimi umeota sugu, mwanangu. Leo nataka nipite pale alipopotelea, miguu yangu ikiwa mikavu. Nikishapita, hata nikifa kesho, sawa."

"Mama, nguzo ya tatu ni mbovu. Haitabeba watu."

Mkono wa bibi ulibaki hewani.

"Nani kakwambia?"

"Niliimwaga mimi."

Nje kuku walikuwa wakiparura. Bi Hapana aligeuka kutoka kwenye kioo, akamtazama mke wa mwanawe kama anayemwona mara ya kwanza.

"Ulijua lini?"

Mama Zege alitamani kudanganya. "Siku ile ile."

"Miezi saba." Bibi alisema polepole. "Miezi saba unakaa nami, unaniwekea chakula, unaniuliza kama nimelala salama. Na unajua."

"Niliogopa, mama. Nilidhani watarekebisha. Nilidhani..."

"Basi na wewe ni mheshimiwa."

Mama Zege aliwahi kuzikwa na kifusi hadi kiunoni akatoka akicheka. Neno hili lilimkalisha chini.

Honi ikapigwa nje. Bi Hapana akachukua mkongojo wake, akatoka. Hakusema anaamini. Hakusema haamini.

* * *

Gari la kampeni lilikuwa limeegeshwa mlangoni, spika nne juu yake. Aliyekuwa akiliendesha ni shemeji yake Mama Zege, mtoto wa mwisho wa Bi Hapana, ambaye mji ulimwita Kipaza. Vyombo vyote vya sauti vya Mheshimiwa vilikuwa mikononi mwake, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imeshakauka kwa kumsifu.

Alimpandisha mama yake kiti cha mbele kwa heshima zote. Mama Zege akamkimbilia upande wa dereva.

"Shemeji, usimpeleke."

"Tena?" Kipaza alikuwa ameshasikia ya kibarazani; habari zina mabawa. "Shemeji, huyu ni mama yangu mzazi. Unadhani nina wazimu nimpeleke kwenye kifo?"

"Mheshimiwa atapita wapi?"

"Atapita wapi nini?"

"Leo. Wewe una ratiba. Atavuka na mama?"

Kipaza alitoa karatasi mfukoni mwa shati, akaikunjua juu ya usukani. Akasoma kwa kujiamini. "Mheshimiwa atakata utepe upande huu. Kisha atapanda boti ya injini, atavuka kwa maji, awapokee wananchi ng'ambo ya pili."

"Boti?"

"Ni kwa ajili ya picha, shemeji. Watu wanamjia kutoka darajani, yeye anawasubiri kwa mikono miwili. Inatoka vizuri."

"Siku zote ratiba ilikuwa hivyo?"

Kipaza akaipapasa karatasi. "Ile ya kwanza alikuwa avuke na mama, mkono kwa mkono. Waliibadilisha jana jioni."

"Wakaleta boti jana jioni."

"Wakaleta..." Aliitazama karatasi kana kwamba herufi zimehama. Kisha akaikunja haraka, akaisokomeza mfukoni. "Ni kwa ajili ya picha," akasema tena, safari hii akijiambia mwenyewe, na akawasha gari.

Dirisha la upande wa pili lilikuwa wazi muda wote. Bi Hapana alikuwa akitazama mbele, mikono juu ya mkongojo.

* * *

Saa nane kasoro, ukingo wa mto ulikuwa umejaa. Kina mama, waendesha pikipiki, wauza duka waliofunga maduka, walimu. Bendi ilikuwa ikipiga, lakini waliocheza ni wale waliovaa fulana mpya. Wengine walikuwa wamefumbata mikono vifuani. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa juu, na mto ulikuwa ukivuma chini kwa chini kama mnyama anayeota ndoto mbaya.

Mheshimiwa alisimama mbele ya utepe mwekundu. Kipaza sauti kidogo kama punje ya maharage kilikuwa kimebanwa kwenye kola ya koti lake, ili mikono ibaki huru kwa kupunga.

"Walisema hatuwezi!" sauti yake ikanguruma kutoka kwenye spika. "Je, hiki mnachokiona ni nini?"

"Daraja," wakajibu wachache, kwa uvivu.

Akakata utepe. Makofi yakapigwa kama mvua ya rasharasha, yakaisha. Wasaidizi wakamgeuza upande wa ngazi za mtoni. Boti ilikuwa imeshawashwa.

Hapo ndipo Mama Zege alipojipenyeza. Alipiga viwiko, akapita chini ya mkono wa askari wa kwanza, wa pili akamdaka shingoni mwa blauzi. Haikumzuia kufungua mdomo.

"Mbona wewe unapanda boti?"

Bendi ilikosea noti, ikanyamaza. Watu mia mbili, na mamia nyuma yao, wakageuza shingo kumtazama Mheshimiwa, kisha boti, kisha Mheshimiwa.

Mheshimiwa alitabasamu lile tabasamu la ukutani. "Mama huyu ametumwa, ndugu zangu. Na waliomtuma tunawajua."

Watu wakaguna. Mama Zege aliwaona wakianza kumtazama vile vile walivyomtazama kibarazani. Akaelewa kwamba hata akiapa kwa jina la marehemu mumewe, hakuna atakayemsadiki. Basi akaacha kuomba asadikiwe.

"Nguzo zile nilizimwaga mimi!" alipiga kelele. "Ya tatu niliimwaga mbovu, nikijua, nikanyamaza miezi saba! Mimi ni mwongo kama yeye! Msiniamini mimi! Wala msimwamini yeye! Semeni tu avuke yeye kwanza!"

"Hilo nalo neno," ikasikika sauti ya mshona viatu. "Avuke yeye kwanza."

"Avuke," mwingine akadakia.

"Avuke! Avuke! Avuke!"

Mheshimiwa aliwatazama wasaidizi wake. Wasaidizi wakatazama viatu vyao. Kamera zilikuwa zimemkazia macho. Aliinua mkono awatulize watu, na mkono huo huo ukadakwa na mwingine, uliokunjamana, wenye vidole vigumu kama mizizi.

"Twende, baba," akasema Bi Hapana. "Si tulipangiwa mimi na wewe?"

Nani atamnyang'anya bibi kizee mkono wake mbele ya wapiga kura? Mheshimiwa akacheka kwa sauti kubwa mno. Akakanyaga daraja.

Watu wakashangilia. Mama Zege hakushangilia. Askari alikuwa amemwachia, naye alikuwa amesimama mdomoni mwa daraja, akihesabu hatua zao. Walipita nguzo ya kwanza. Mkongojo ulikuwa ukigonga: ko, ko, ko. Walipita ya pili. Mheshimiwa alikuwa akivuta, bibi akienda mwendo wake.

Juu ya nguzo ya tatu, Bi Hapana akasimama. Kisha akaketi chini, katikati ya daraja, gauni jipya na yote.

"Nimechoka," sauti yake ikatoka kwenye spika, karibu na wazi, kana kwamba anazungumza sikioni mwa kila mtu. Kile kipaza sauti cha kwenye kola kilikuwa kikimsikia. "Keti nami kidogo."

"Simama, mama. Tufike, kisha utapumzika."

"Hapa chini ndipo alipopotelea mwanangu. Keti tuzungumze."

Mheshimiwa alijaribu kuutoa mkono. Bibi alikuwa ameushika kwa mikono yote miwili. Kutoka pale alipo, Mheshimiwa akaligeukia gari la spika na kupitisha kidole kooni mwake: zima!

Kila mtu alikiona kidole kile. Mama Zege akageuka kumtazama shemeji yake.

Kipaza alikuwa ameweka mkono kwenye swichi. Jasho lilikuwa likimtoka mpaka kwenye ndevu. Alimtazama Mheshimiwa, bosi wake wa miaka sita. Alimtazama mama yake, doa dogo la rangi katikati ya daraja refu. Mkono ukaondoka kwenye swichi, taratibu, ukaingia mfukoni.

"Niachie, mama," spika zikasema. Pumzi zilikuwa zikimpanda.

"Haraka ya nini? Daraja si zima?"

"Nimesema niachie!"

"Niambie kwanza kwa nini unatetemeka."

"Kwa sababu hapa si mahali pa kukaa! Niliambiwa nguzo hii haitabeba, wewe mzee, unataka tufe wote?"

Sauti ikagonga ukingo wa pili, ikarudi. Tufe wote... wote... Mheshimiwa aliisikia ikimrudia mwenyewe. Akashika kola yake. Alikuwa amechelewa.

"Alijua," akasema mshona viatu, kwa sauti ndogo.

"Alijua," akasema mwanamke nyuma yake.

Kisha likatoka kwenye mamia ya vifua kwa pamoja: "ALIJUA!"

Mama Zege alikuwa ameingoja saa hiyo tangu asubuhi. Sasa imefika, na badala ya furaha damu ilimganda, kwa maana watu hawakuwa wakirudi nyuma. Walikuwa wakienda mbele. Mnyororo wa askari ukakatika kama uzi. Bendi ikakanyagwa, ngoma ikabingirika mtoni. Umati mzima, hasira ya miaka mingi ikiwa miguuni, ulikuwa ukimwendea mtu mmoja aliyesimama katikati ya daraja.

Na miguuni pa mtu huyo alikuwa ameketi Bi Hapana.

"Mama!" Kipaza aliruka kutoka kwenye gari, akamezwa na watu.

Mama Zege alitanua mikono mdomoni mwa daraja, akaikaza kama mbao za kuzuia zege. "Msipande! Jamani, mkipanda wote litaanguka! Litaanguka kweli!"

Wa kwanza kumfikia alikuwa mshona viatu. Uso wake haukuwa na mzaha tena. Alimshika mabega yote mawili, bila ukali, akamtazama machoni.

"Tunakuamini, mama," akasema. "Sasa tupishe."

Akamweka kando.

Mguu wa kwanza ukakanyaga daraja, wa kumi, wa hamsini. Sakafu ikaanza kuitikia chini yao, mtikisiko mdogo uliompanda Mama Zege kutoka kwenye nyayo hadi kwenye meno. Aliinama juu ya ukingo wa daraja akatazama chini.

Kutoka kwenye nguzo ya tatu, kipande cha zege kikubwa kama kichwa cha mtu kilikuwa kinadondoka majini, bila kelele yoyote.